Forester SG5 inadondosha oili kati ya injini na giaboksi: nitoe injini au nishushe giaboksi?

MtoEnyau (Arua)

Wakuu, salaam. Naomba msaada wa watu wanaozijua Subaru kwa mikono yao.

Gari ni Forester SG5 ya 2003, injini EJ202 ya lita mbili isiyo na tabo, kemshafti moja kila upande, giaboksi ya otomatiki. Limetembea kilomita 187,000. Oili inadondoka pale injini inapokutana na giaboksi. Likilala nje, asubuhi kuna doa la ukubwa wa sahani, na oili ikigusa ekzosi yenye moto harufu inaingia mpaka ndani. Naongeza lita moja kila kilomita 1,200 hivi. Joto halipandi, maji hayapungui, moshi hakuna.

Mafundi wawili wamelitazama. Wa kwanza anasema ni sili ya krenki ya nyuma, kwa hiyo ashushe giaboksi. Wa pili anataka kutoa injini nzima kwa chenibloki, apake silikoni kila mahali, airudishe. Gereji haina kreni. Kuna tripodi ya mabomba ya chuma, na sakafu ni udongo.

Spea nitaagiza Kampala zije kwa basi, ndiyo maana nataka orodha kamili mara moja. Oringi moja ikikosekana, injini inakaa chini siku mbili kuingoja. Nimsikilize fundi yupi, na nini kibadilishwe injini ikiwa nje?

---

Spana14 (Ndeeba, Kampala)

Ndugu wa Arua, kwanza ujue kwa hakika oili inaanzia wapi. Injini ya boksa imelala kifudifudi. Oili ikivuja mbele au juu hutambaa juu ya bloku, upepo wa barabarani unaisukuma nyuma, na yote huishia kudondoka palepale unapopaona. Sili ya nyuma husingiziwa mara nyingi kwa sababu hiyo.

Anza na pua. Chovya kidole kwenye tone linaloning'inia. Likiwa jekundu au la kahawia nyepesi na laini sana, hiyo ni oili ya giaboksi, inatoka mbele kwenye pampu yake. Likinuka kiberiti, ni oili ya difu ya mbele, ambayo kwenye otomatiki hii inakaa peke yake, mbali na ile ya giaboksi. Likiwa jeusi na kunuka kama kijiti cha kupimia oili, hapo ndipo tunaongelea injini.

Halafu osha injini kwa mafuta ya taa na brashi, funika alteneta kwa mfuko wa plastiki, suuza, acha ikauke kabisa. Nyunyiza poda ya mtoto pande zote za bloku, juu na chini, endesha kilomita 20 au 30, kisha tazama kwa tochi. Poda ikilowa, umeona chanzo. Tazama kwa mpangilio huu, kutoka juu kwenda chini: swichi ya presha ya oili iliyojificha chini ya alteneta, gaskiti za tapeti kava, vifuniko vya mwisho wa kemshafti nyuma ya hedi, mahali hedi inapokaa juu ya bloku upande wa chini, na mwisho kabisa mlango wa konveta (ngoma inayopitisha nguvu ya injini kwenda giaboksi ya otomatiki), pale chini injini inapokutana na giaboksi. Swichi ya presha inabadilishwa kwa nusu saa bila kutoa chochote kikubwa. Usije ukatoa injini kwa ajili yake.

Jambo la pili ni pumzi ya injini. Vali ya PCV (inayotoa mvuke na presha ndani ya injini) ikiziba, presha inajaa kwenye krenkesi (tumbo la krenki) na kutafuta sili iliyo dhaifu. Ukiweka sili mpya bila kuondoa presha hiyo, itavuja tena. Chomoa vali, itikise: ikiwa nzima inalia kama njugu. Injini ikinguruma polepole, weka kidole kwenye mdomo wa vali, lazima uhisi inavuta. Kagua na mipira inayotoka kwenye tapeti kava kwenda kwenye bomba la hewa. Ikiwa migumu kama mkaa au ina tope jeusi ndani, badilisha. Kisha fungua kifuniko cha kujazia oili injini ikiwa inanguruma. Ikipuliza kwa nguvu kama jiko la primasi hata baada ya PCV kuwa safi, ringi za pistoni zimechoka, na kazi ya sili peke yake haitakusaidia.

Ukishathibitisha ni nyuma, toa injini. Fundi wako wa pili ana haki kwenye hilo tu. Giaboksi ya gari hili imebeba difu ya mbele ndani yake, ina ekseli mbili, propela na nyaya zake, na ni nzito kuishika ukiwa umelala chini ya gari. Injini ni fupi, inakaa juu ya mauntini mbili, na ikitoka unafikia kila sili uliyo nayo, za mbele na za nyuma. Ukishusha giaboksi unapata za nyuma tu.

Kuhusu silikoni kila mahali: kataa kabisa. Silikoni inayobanwa nje unaiona, ila inayobanwa ndani huioni. Inakatika vipande, inashuka sampu (bakuli la oili chini ya injini), inaziba chujio la pampu ya oili. Baada ya hapo hutaulizia uvujaji tena, utaulizia krenki.

---

NatiNaBoliti (Jinja)

Naunga mkono. Orodha ya kuagiza kwa EJ202, mkuu:

Gaskiti mbili za tapeti kava pamoja na sili nne za mirija ya plagi na raba za boliti zake. Zote zinauzwa kwa seti. Sili ya krenki ya mbele moja. Sili za kemshafti mbili. Oringi ya pampu ya oili, ile ndogo inayokaa kati ya pampu na bloku. Oringi za vifuniko vya nyuma vya kemshafti. Sili ya krenki ya nyuma. Bamba la sepereta (la kutenga oili na mvuke) la nyuma ya bloku, na oringi ya kifuniko cha mviringo cha pini ya pistoni kilicho karibu nalo. Gaskiti za ekzosi kwenye hedi. PCV na mipira yake. Swichi ya presha. Filta, lita 5 za oili, kulanti ya kutosha mfumo wa lita kama 7, na tyubu moja ya silikoni ya kijivu ya injini. Kiwandani wanatumia Three Bond 1215 au iliyo sawa nayo. Ongeza chupa mbili za ATF (oili ya giaboksi ya otomatiki), utaona sababu ukitoa rejeta.

Kwenye hilo bamba la sepereta usikubali la plastiki. Injini nyingi za EJ zilitoka nalo, na joto likilikunja, mdomo wake unaachana na bloku. Agiza la chuma, namba 11831AA210, na skrubu zake. Kwa maelezo yako mimi ningeweka pesa yangu hapo kabla ya sili ya krenki. Skrubu za zamani zimekaza sana. Tumia bisibisi ya kugonga kwa nyundo, maana ya kawaida itakula vichwa, na kutoboa skrubu nyuma ya bloku kunatawanya vumbi la chuma.

Sasa hapa natofautiana na wengi. Sili ya krenki ya nyuma ikiwa ni ya kiwandani, kavu, na mdomo wake bado laini, iache. Sili hiyo hudumu sana, na nyingi zinazovuja ni zile zilizobadilishwa vibaya: imeingia upande, au krenki imechubuliwa na bisibisi wakati wa kung'oa ile ya zamani. Mkwaruzo unaoushika kwa ukucha unatosha kuharibu sili mpya.

---

Spana14 (Ndeeba, Kampala)

NatiNaBoliti, kwa gari la Kampala ningekubali. Kwa Arua, kilomita 187,000, na injini iko nje tayari, naibadilisha. Raba ya miaka zaidi ya 20 haihesabiwi kwa macho, na bei ya sili ni ndogo mno mbele ya kazi ya kurudia. Ila uzuie makosa uliyoyataja: toboa tundu dogo kwenye chuma cha sili yenyewe, ingiza skrubu ya bati, vuta kwa koleo. Bisibisi isiguse krenki. Pangusa mlango, paka oili safi mdomo wa sili, igonge polepole kuzunguka kwa kipande cha bomba la plastiki lenye upana sawa na sili, mpaka iwe sawa na uso wa bloku pande zote. Krenki ikiwa na mfereji uliochimbwa na sili ya zamani, ingiza mpya milimita moja ndani zaidi ili mdomo ukae pahali papya.

---

NatiNaBoliti (Jinja)

Sawa, kwa fundi mwenye mkono huo sina neno. Niongeze pampu ya oili, kwa sababu wengi wanabadilisha sili ya mbele na kuondoka. Toa pampu yenyewe. Nyuma yake kuna bamba lililoshikwa na skrubu, na skrubu hizo hulegea zenyewe. Presha inapotea na oili inasukumwa kwenye sili ya mbele. Zitoe moja moja, safisha, weka gundi ya nati ya nguvu ya kati, kaza. Weka oringi mpya na grisi kidogo ili isidondoke, uzi wa silikoni wa milimita 3 ukizunguka uso wa pampu bila kukatika, mbali na tundu la oringi. Jaza pampu oili kabla ya kuifunga. Boliti zake ni 6.4 Nm (kipimo cha nguvu ya kukaza), sawa na za bamba la sepereta. Hiyo ni nguvu ya mkono juu ya raketi fupi, si ya bega.

Gaskiti za tapeti kava zinaingia kavu. Silikoni ni tone tu kwenye kona za nusu mwezi, pale kemshafti inapoishia. Boliti zake ni 5 Nm. Zina mabega yanayogusa chini, kwa hiyo ukihisi zimegota, acha. Kuongeza nguvu kunapinda kava au kuvunja boliti.

Hedi usizifungue ikiwa upande wa chini ni mkavu na maji hayapungui. Kazi hiyo ni nyingine kabisa.

---

MtoEnyau (Arua)

Asanteni sana wazee. Nimefanya kama mlivyosema. Tone ni jeusi, oili ya injini. PCV ilikuwa imeziba, haitikisiki kabisa. Poda imelowa nyuma tu, kwenye mlango wa konveta. Tapeti kava ya kushoto ina unyevu kidogo, hedi ni kavu. Spea zinaagizwa leo. Kinachonipa hofu sasa ni tripodi kwenye udongo, na hiyo konveta, maana fundi amekiri hajawahi kutoa injini ya otomatiki.

---

KiatuChaBreki (Kasese)

Fundi aliyekiri hivyo ni wa kumwamini, mwambie asome hapa polepole.

Tripodi inafaa, mradi miguu ifungwe kwa mnyororo ili isitanuke, na kila mguu ukae juu ya ubao mnene au kipande cha bati nzito. Chenibloki ya tani moja inatosha, injini ina zaidi ya kilo 100. Tofauti na kreni ni hii: tripodi haitembei, kwa hiyo gari ndilo litakalorudi nyuma. Panga mbao chini ya magurudumu manne tangu mwanzo, gari liwe sawa, pasiwe na mteremko.

Toa fyuzi ya pampu ya petroli, washa injini mpaka izimike yenyewe, kisha toa betri. Mwaga kulanti na oili. Toa rejeta pamoja na feni zake. Mipira miwili ya ATF inayoingia kwenye rejeta izibwe kwa boliti, na oili itakayomwagika utairudisha baadaye. Weka kipande cha plaiwudi mbele ya kondensa ya AC. Kompresa ya AC na pampu ya stelingi zifunguliwe boliti na kufungwa pembeni kwa waya zikiwa na mipira yake, gesi isifunguliwe. Nati za ekzosi zipulizie mafuta ya kulegeza kutu siku moja kabla. Kila soketi ya umeme na kila mpira uwe na utepe wenye namba, na piga picha kwa simu. Waya wa athi unaoungwa kwenye boliti ya stata husahaulika kuliko vyote, na ukisahaulika stata inazunguka kwa uvivu na watu wanaanza kulaumu betri.

Konveta: karibu na mwili wa throto, juu ya nyumba ya konveta, kuna kiziba cha raba. Kitoe. Zungusha krenki kwa soketi ya 22 kwenye boliti ya puli, na boliti nne zinazoshika konveta kwenye bamba la fulaiwili zitapita hapo moja baada ya nyingine. Soketi uiwekee utepe ndani ili iing'ang'anie boliti, na sumaku iwe karibu, kwa sababu boliti ikidumbukia mle ndani inaweza kukula saa nzima.

Kabla injini haijaachana na giaboksi, weka jeki chini ya giaboksi na ubao katikati, halafu pitisha mnyororo au mti imara juu ya fremu uibebe giaboksi kabisa, maana gari litakapotembea jeki haitafuata. Toa nati mbili za chini za mauntini, pitchi stopa (fimbo inayozuia injini isiyumbe), boliti za juu na nati mbili za chini za nyumba ya konveta. Inua mpaka skrubu za mauntini zitoke kwenye krosimemba (mhimili wa chini unaobeba injini), pandisha na giaboksi sambamba. Sasa injini ibaki imening'inia, na watu wawili wasukume gari nyuma sentimita mbili mbili, kizuizi kikifuata gurudumu. Mtu wa tatu asimame kwenye lile tundu na bisibisi ndefu, akiisukuma konveta ibaki ndani ya giaboksi. Konveta ikifuata injini, ATF inamwagika na sili ya pampu inaweza kukatika. Injini ikishatoka, funga ukanda wa bati mbele ya konveta isiteleze.

---

KiatuChaBreki (Kasese)

Naendelea na kurudisha, kwa sababu hapa ndipo giaboksi nyingi zinapokufa.

Konveta inashika vitu vitatu ndani: shafti ya giaboksi, shafti ya stator (si stata ya kuwashia) na pampu ya ATF. Isukume huku ukiizungusha. Itaingia kwa hatua, na kila hatua unaisikia ikigota na kuzama zaidi. Usiridhike na hatua ya pili. Ikikaa yote, injini na nyumba ya konveta vinakutana kwa kusukuma kwa mikono, nyuso zinagusana kote, na konveta bado inazunguka huru kwa kidole kupitia tundu la juu. Ikibaki nafasi ya sentimita moja au mbili, simama. Usivute kwa boliti. Ukivuta, unavunja meno ya pampu ya ATF, na gari litawaka vizuri lakini halitaondoka.

Boliti za bamba la fulaiwili kwenye krenki ni 72 Nm, kwa kupishana kama nyota. Za konveta ni 25 Nm; ziingize zote nne kwa vidole kabla ya kukaza hata moja. Za nyumba ya konveta 50 Nm.

Ukiwa umefungua mkanda wa taimingi kwa ajili ya sili za mbele, na hujui umri wake, weka mpya pamoja na rola zake. Alama ya krenki ni kichongo kidogo kwenye ukingo wa nyuma wa jino, si mshale ulio usoni. Aliyefuata mshale amekosea, na injini hii vali zinaweza kukutana na pistoni. Tensheni (kikaza mkanda) ibanwe wima kwenye vaisi polepole, dakika tatu au zaidi, kisha pini ya milimita 2. Ukiibana haraka unapasua sili yake ya ndani.

Kazi ya silikoni msifanye uani upepo ukivuma. Vumbi jekundu likikaa kwenye uzi wa silikoni, njia ya oili imeshafunguka. Uso wa bloku upanguswe kwa kisafisha breki; petroli ya kawaida na mafuta ya taa huacha ute, na silikoni haishiki juu ya ute. Ukishafunga, acha usiku mzima kabla ya kumimina oili.

---

Spana14 (Ndeeba, Kampala)

Kuwasha mara ya kwanza: mimina lita 4, fyuzi ya pampu ya petroli ikiwa bado nje. Zungusha stata sekunde 10, pumzika, rudia mpaka taa ya presha izimike. Ndipo urudishe fyuzi.

Kulanti ijazwe taratibu, pua ya gari ikiwa juu, hita ikiwa imefunguliwa mpaka mwisho, na skrubu ya kutolea hewa juu ya rejeta ikiwa wazi mpaka maji yatoke bila mapovu. Boksa hushika hewa kwenye hedi. Usiondoke gereji mpaka feni ziwashe na kuzima mara mbili na hita ipulize moto. Hedi zako ni nzima leo, hewa iliyobaki inaweza kuziharibu siku ya kwanza.

ATF ipimwe injini ikiwa inanguruma na giaboksi ina moto. Difu ya mbele ina kijiti chake, usije ukamimina ATF huko.

Acha inguruma dakika 15, ingia chini na tochi. Tazama tena baada ya kilomita 50, halafu 500. Moshi kidogo kwenye ekzosi siku ya kwanza ni oili ya zamani inayoungua, usishtuke. Tone jipya lenye rangi ya asali kwenye mlango wa konveta, hilo lipigie picha ulete hapa.